Charles Goodyear: Msee Aliyetupea Raba Ngumu, Akafa na Deni la Dola 200,000

Ukitoka nje leo, inama kidogo uangalie tairi ya nduthi iliyosimama hapo stage. Iguse. Ni nyeusi, ni ngumu, na bado ukiibonyeza inarudi. Imepiga lami tangu saa kumi na moja asubuhi, jua la saa saba limeichoma, mvua imeinyeshea, na haijali. Haijayeyuka. Haijakatika kama biskuti. Wewe unaichukulia poa tu kwa sababu tangu uzaliwe raba imekuwa hivyo.

Sasa nikikuambia kuna msee aliingia jela mara si moja, akauza vitabu vya shule vya watoto wake, na akazika mtoto bila hata doh ya mazishi, yote ndio raba iwe hivyo, utasema naongeza chumvi. Siongezi. Na jina lake unalijua, umelisoma ubavuni mwa tairi za magari. Goodyear. Charles Goodyear.

Tuondoe uongo mmoja mapema ndio tusafiri vizuri. Huyu jamaa hakuanzisha kampuni ya tairi ya Goodyear. Hiyo ilianzishwa 1898 na Frank Seiberling, mji wa Akron, jimbo la Ohio huko Marekani. Charles alikuwa ameshakaa kaburini miaka 38. Kampuni ilichukua tu jina lake kwa heshima, haikuwa na uhusiano wowote na yeye wala familia yake. Kwa hivyo ile picha uko nayo kichwani ya mdosi wa matairi anavuta sigara kwa ofisi kubwa, futa kabisa.

Charles alizaliwa tarehe 29 Desemba 1800, New Haven, Connecticut. Kifungua mimba, watoto sita. Buda yake, Amasa, alikuwa mtu wa kutengeneza vitu: vifungo vya nguo, vifaa vya shamba, uma za kugeuza nyasi. Kijana alipofika umri wa miaka kama 17 akatumwa Philadelphia akajifunze biashara ya hadiwea, akarudi akaingia kazi na mzee. 1824 akamuoa Clarissa Beecher. Kumbuka hilo jina, Clarissa. 1826 wakahamia Philadelphia wakafungua duka lao la hadiwea.

Mwanzoni duka lilishika. Shida ni ile shida unaijua kama umewahi kuwa na kibanda: watu wanachukua, wanasema watalipa mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi unafika, simu hazishikwi. Kufikia 1830 duka limeanguka, mwili wake mwenyewe umeanza kumsumbua, na waliomkopesha wako mlangoni.

Na siku hizo deni halikuwa mambo ya jina kupelekwa CRB. Ukishindwa kulipa unafungwa. Kabisa, ndani, na mlango unafungwa nyuma yako. Jamaa akaonja hiyo jela ya madeni kwa mara ya kwanza akiwa hajafikisha hata miaka thelathini na moja. Angeizoea mpaka aione kama lojing'.

Sasa wacha nikupeleke kwa raba yenyewe, kwa sababu bila hiyo hutaelewa huyu msee alikuwa anapigana na nini.

Raba ni maziwa ya mti. Mti unaitwa Hevea, kwao ni msitu wa Amazon. Unaukwaruza, unatoa utomvu mweupe, utomvu ukikauka unapata kitu cha kuvutika. Wenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati walikuwa wakitengeneza mipira ya kucheza kutoka kwa utomvu wa mti mwingine wa raba zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, na walishajua siri moja: ukichanganya na maji ya mmea fulani wa kutambaa, raba inakuwa bora. Shika hiyo. Raba peke yake haijawahi kutosha. Lazima uweke kitu ndani.

Wazungu wa Marekani hiyo siri hawakuwa nayo. Roxbury, karibu na Boston, kulikuwa na fundi wa kiwanda cha ngozi anaitwa Edwin Chaffee. Huyu alichanganya raba na tapentaini na masizi ya taa, akapaka kitambaa, ikang'aa nyeusi tititi na maji hayapiti. Watu wakachizi. 1833 ikazaliwa kampuni ya raba ya Roxbury, pesa zikamwagika, kila mtu anataka koti la raba, viatu vya raba, kofia ya raba. Hayo masizi Chaffee aliyaweka ndio rangi iwe nyeusi. Rangi tu. Yatie mfuko wa nyuma, tutayarudia.

Halafu joto likakuja. Raba mbichi kwenye joto inalegea, inanata, inanuka kama kitu kimekufa. Na kwenye baridi inakuwa ngumu kama mbao, inapasuka. Msimu mmoja unanunua koti, msimu unaofuata koti limekuwa gundi.

1834 Charles akapita New York, akaona dukani mwa kampuni ya Roxbury boya la kuokolea mtu asizame, la kupuliza hewa. Akaona valvu yake ni mbovu. Akaenda nyumbani akaunda valvu fiti, akarudi nayo akijua leo ameomoka. Meneja akaiangalia akamwambia ukweli mchungu: valvu ni poa, lakini shida yetu si valvu. Shida ni raba. Bidhaa za maelfu ya dola zilikuwa zimerudishwa zikiwa uji, na inasimuliwa wakubwa wa kampuni walichimba shimo usiku wakazizika ndio harufu isiwaaibishe.

Mtu mwingine hapo angeenda kutafuta kazi ya maana. Charles aliona hiyo ndiyo kazi.

Akarudi Philadelphia, na kabla hajatulia akakamatwa tena kwa deni. Ndani ya jela akamwomba Clarissa amletee vitu viwili: furushi la raba mbichi na ule mti wa kusukumia chapo. Raba ilikuwa rahisi wakati huo kwa sababu hakuna mtu aliitaka. Na hapo selo, masaa kwa masaa, jamaa anakanda raba kama unga. Hakusoma kemia. Hakuwa na maabara. Alikuwa na fikra moja tu, na ukiifikiria si ya kijinga: kama raba inanata, basi labda kuna unga mkavu nikiuchanganya ndani utaondoa kunata.

Akaanza na magnesia, ule unga mweupe. Raba ikatulia, ikawa nyeupe safi. Alipotoka, yeye na Clarissa na watoto wakakaa jikoni wakatengeneza mamia ya viatu. Kabla hawajauza, joto likafika. Viatu vikawa lami. Majirani wakachoka na harufu, wakalalamika, ikabidi ahame aende New York.

Huko akaongeza chokaa, akachemsha. Hii ilikuwa noma, mpaka akapewa medali na taasisi ya uvumbuzi. Kisha ikagundulika tone moja tu la asidi, hata ya matunda, likigusa hiyo raba, inarudi kunata pale pale. Medali ikabaki ukutani, raba ikarudi jalalani.

Siku moja akawa ameipaka raba rangi ya shaba, akataka kuitoa, akamwaga asidi ya nitriki. Raba ikageuka nyeusi akaitupa. Siku chache baadaye kichwa kikamrudisha kwa takataka. Akaiokota, akakuta imekuwa laini na kavu kuliko kitu chochote alichowahi kuunda. Akalamba hataza ya hiyo njia mwaka 1837. Hataza ni ile karatasi ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wako na mtu asikuibie. Hewa ya hiyo asidi karibu imuue akiifanyia kazi chumbani, akalala kitandani wiki kadhaa.

Mdhamini akapatikana, mambo yakaanza kunyooka, halafu 1837 hiyo hiyo uchumi wa Marekani ukaanguka. Benki zikafunga. Mdhamini akafilisika. Familia nzima ya Goodyear ikaishia Staten Island, ndani ya kiwanda cha raba kilichoachwa, wakila samaki wanaovua wenyewe. Charles bado alikuwa akitembea amevaa raba kichwa mpaka mguu, na mtaani walikuwa wakimcheka kwamba ukimwona mtu wa koti la raba, kofia ya raba, viatu vya raba, na pochi ya raba isiyo na senti ndani, huyo ndiye Goodyear.

Kuna tenda ya serikali pia, mifuko 150 ya posta. Akaitengeneza kwa njia yake ya asidi, ikatoka freshi. Akaiacha stoo yenye joto akaenda kupumzika kidogo na familia. Kurudi, akakuta imelegea na kunata. Asidi ilikuwa imekausha uso tu, ndani raba ilibaki ile ile ya zamani.

Hapa ndio stori inapogeuka, na inageuka kwa sababu ya mtu ambaye hakuna tairi iliyoandikwa jina lake. Nathaniel Hayward, wa Woburn, Massachusetts. Hayward alikuwa ameona kwamba ukichanganya raba na salfa, ule unga wa njano kama wa kiberiti, kisha ukaianika juani, uso wake unakauka vizuri. Charles akanunua haki za huo ujanja mapema 1839. Tukiongea ukweli, bila Hayward hakuna Goodyear. Mimi nikiandika hizi stori za wavumbuzi huwa naona kila mmoja ako na Hayward wake pembeni.

Mwaka huo huo, pale Woburn, kipande cha raba yenye salfa kikagusa jiko la moto. Hii sehemu imesimuliwa kwa njia nyingi, ati alikuwa anabishana na watu akarusha mkono, ati kilimponyoka. Kitu zote zinakubaliana ni hiki: raba ambayo ingepaswa kuyeyuka haikuyeyuka. Iliungua kama ngozi. Na pembeni ya pale palipoungua kulikuwa na mstari mwembamba wa raba isiyoungua na isiyonata. Akaitundika nje kwenye baridi usiku mzima. Asubuhi bado inakunjika. Joto halijaiyeyusha, baridi halijaigandisha.

Yeye mwenyewe hakupenda watu waseme ilikuwa bahati. Na ako na pointi. Majiko yalikuwa nyumba zote za Marekani. Mtu ambaye angeelewa kile kipande kilikuwa kinasema nini ni mmoja tu.

Imetokea nini hapo ndani? Chukua sufuria ya indomie imeiva. Kila uzi ni mrefu na unateleza juu ya mwenzake, ukiinua uma zinashuka. Raba mbichi iko hivyo hivyo, nyuzi ndefu ndefu zisizoshikana. Joto likizidi zinateleza kabisa, raba inakuwa gundi. Salfa ikipata joto la kutosha inafunga mafundo kati ya uzi na uzi. Sasa ukivuta, nyuzi zinanyooka lakini haziwezi kuachana, na ukiachilia fundo linazirudisha nyumbani. Jua la Hayward lilifunga mafundo machache juu juu. Jiko lilifunga mpaka ndani.

Ukidhani ameomoka hapo, bado. Kujua kwamba joto linafanya kazi ni kitu kimoja. Joto kiasi gani, kwa muda gani, salfa ngapi? Kidogo sana, inanata. Kingi sana, ni makaa. Hiyo hesabu ilimla miaka mitano. Alikuwa akimngojea Clarissa atoe mkate kwa oveni ndio aingize raba yake. Akachemsha raba, akaibanika, akaizika kwenye mchanga moto. Mwishowe akafika kwa mvuke wenye shinikizo, masaa manne mpaka sita, nyuzi kama 130 za Selsiasi.

Na hiyo miaka mitano ndiyo ninataka tusimame kidogo, kwa sababu kurasa za motisha huiruka. Hakukuwa na pesa ya kuni. Watu waliowajua walisimulia watoto wakiokota vijiti na kuchimba viazi ambavyo havijakomaa. Samani ziliuzwa. Vitabu vya shule vya watoto viliuzwa, akapata kama dola tano. Mtoto wake mdogo wa kiume akafa, na ndani ya nyumba hakukuwa na pesa ya kumzika. Kwa jumla yeye na Clarissa walizaa watoto 12, na 6 walikufa wakiwa wadogo.

Siku hizo watoto wengi walikufa hata kwa matajiri, kwa hivyo siwezi nikamrundikia yeye vifo vyote. Lakini ukiona tena ile posti ya Goodyear na maneno ya usikate tamaa, jiulize nani hakukata tamaa. Charles alichagua. Clarissa hakuulizwa. Watoto hawakuulizwa. Wao ndio walilala njaa kwenye ndoto ya mtu mwingine, na yeye hata aliporudi kutoka jela alirudi na raba mkononi. Kama ingefeli, leo tungemwita baba mbaya na tusonge. Imefaulu, kwa hivyo tunamwita shujaa. Mimi bado sijaamua nimwite nani, na nimekaa na hii stori wiki mzima.

Aliyeokoa jahazi ni shemeji yake, William DeForest, tajiri wa nguo, aliyemwekea maelfu ya dola. Tarehe 15 Juni 1844 Charles akapata hataza namba 3633. Resipe iko ndani wazi: raba sehemu 25, salfa sehemu 5, na unga mweupe wa risasi sehemu 7. Kemikali ya risasi ni sumu, na huyu mtu alikuwa ameishika kwa mikono mitupu miaka na miaka. Afya yake haikuwahi kukaa sawa.

Wakati akihangaika, vipande vya sampuli vilikuwa vimevuka bahari. Uingereza kulikuwa na gwiji wa raba, Thomas Hancock, ambaye alikuwa ameanza hii kazi tangu 1820. Si mwizi wa barabarani, alikuwa na mashine zake mwenyewe na akili zake. Lakini kipande cha Charles kikamfikia, akaona vumbi la njano juu yake, akajifungia ndani mpaka akapata njia. Novemba 1843 akaweka ombi lake la hataza. Ombi la Charles huko Uingereza likafika wiki chache baadaye. Wiki chache! Rafiki ya Hancock akaipa hiyo kazi jina, vulkanizesheni, kutoka kwa Vulcan, mungu wa moto wa Warumi. Kwa hivyo hata jina la uvumbuzi wake Charles hakulipa yeye. Walipofika kortini huko, Hancock alimpa ofa ya nusu aachane na kesi. Charles akakataa nusu akapoteza yote.

Kwao Marekani nako watu walikuwa wakichota tu. Mkubwa wao alikuwa Horace Day. 1852 wakakutana kortini Trenton, New Jersey, na Charles akaletewa wakili ambaye hata kama hujui Marekani ungeshtuka: Daniel Webster, ambaye wakati huo huo alikuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi. Alilipwa dola 15,000. Wakashinda. Ilikuwa pesa kubwa kuliko nyingi ambazo Charles mwenyewe alikuwa amepata kutoka kwa raba, maana leseni za watu kutumia njia yake alikuwa akiziuza kwa bei ya kutupa. Kila akipata kitu alikirudisha kwa majaribio. Alitaka kila kitu kiwe raba: bendera, vyombo vya muziki, vito, hata kitabu. Kitabu chake kuhusu raba kilikuwa na nakala zilizochapishwa kwenye raba.

1851 akaenda maonyesho makubwa ya London akajenga chumba ambacho kila kitu ni raba, kuanzia samani hadi mapambo. Akamwaga hapo dola 30,000. 1855 akarudia Paris, dola 50,000. Clarissa hakuiona hiyo ya Paris. Alikufa 1853.

Na Paris ndiyo iliyoonyesha maisha yake yote kwa wiki mbili. Hataza yake ya Ufaransa ikafutwa kwa kosa dogo la kisheria, pesa aliyokuwa akitegemea ikakatika, waliomdai wakamfuata. Desemba 1855 akatupwa jela ya madeni ya Clichy, siku 16. Akiwa humo ndani ndipo medali ilipomfikia: Kaizari Napoleon wa Tatu alikuwa amemtunuku nishani ya heshima ya Ufaransa. Mtoto wake akampelekea selo.

Tarehe 1 Julai 1860 ilimkuta New York. Alikuwa safarini kwenda kumwona binti yake aliyekuwa mahututi. Alipofika akaambiwa amechelewa, binti ameshakufa. Akaanguka, akapelekwa hoteli, na hapo hoteli akafa. Miaka 59. Aliacha madeni ya kama dola 200,000, pesa ambayo leo ni mamilioni. Alizikwa kwao New Haven.

Sasa toa yale masizi kwa mfuko wa nyuma.

Charles alikufa kabla ya tairi ya upepo kushika dunia. Hiyo ilianza Belfast 1888 na John Boyd Dunlop, aliyekuwa akitafuta njia ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake isimtingishe. Baada ya hapo dunia ikawa na kiu ya raba isiyokatika, na kiu hiyo ilinyweshwa na damu. Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, watu walikatwa mikono, vijiji vikachomwa, kwa sababu ya utomvu. Hiyo ni stori ya siku yake, na siwezi kuiandika kwa mstari mmoja, lakini kuipita kimya pia singeweza.

Tairi za kwanza hazikuwa nyeusi. Zilikuwa za rangi ya maziwa, kwa sababu ya unga mweupe wa zinki. Ndio maana yule mtu wa Michelin aliyeundwa kwa matairi ni mweupe mpaka leo. Na zilikuwa zinaisha haraka vibaya sana. Salfa ilikuwa imefunga mafundo, sawa, raba haiyeyuki. Lakini kusuguana na barabara bado kulikuwa kunaila kama kifutio.

1904, kiwanda cha Silvertown, London, mkemia anayeitwa Mote akaona kwamba masizi yakichanganywa na raba yenye salfa, hayaleti rangi tu. Raba inakuwa ngumu kukatika na kusugulika kuliko zamani, mara kadhaa. Kampuni ya Goodrich ya Marekani ikanunua ujuzi huo miaka michache baadaye, na tairi zote zikawa nyeusi. Hesabu: Chaffee aliweka masizi kwa raba kabla ya 1833. Charles alijaribu magnesia, chokaa, asidi, risasi. Jibu la nusu ya pili lilikuwa ndani ya sufuria tangu mwanzo, na kila mtu alidhani ni rangi. Miaka sabini!

Kwa nini masizi? Kwa sababu ya udogo. Punje ya masizi ya tairi ina upana wa makumi ya nanometa, na nanometa ni milimita moja ukiikata mara milioni. Nywele yako ni maelfu ya hizo punje zikipangwa upande kwa upande. Kwa vile ni ndogo hivyo, punje za kijiko kimoja zina uso mkubwa ajabu, na nyuzi za raba zinaushika huo uso kama watu wameshika vyuma ndani ya mat imejaa. Dere akikanyaga breki, hakuna anayeruka. Masizi pia yanameza miale ya jua isile raba. Leo karibu robo ya uzito wa tairi ya gari inaweza kuwa masizi tupu. Kwa hivyo tunaongea kuhusu nano kama ni kitu cha juzi, na buda yako ameendesha nano maisha yake yote.

Sasa maabara zinatafuta kaboni iliyo bora zaidi. Kuna nanotyubu, mirija ya kaboni ambayo huwezi kuiona hata kwa darubini ya shule. Kuna grafini, karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliipata Manchester 2004 wakibandua grafaiti, ile ya ndani ya penseli, kwa selotepu, na 2010 wakapewa tuzo ya Nobel. Tayari kuna tairi za baiskeli za mbio zilizotiwa grafini. Kidogo tu kinaweza kufanya kazi ya masizi mengi.

Na unajua shida yao kubwa ni gani? Kuchanganya. Hizi punje zinapendana, zinajikusanya mabonge kama ugali uliopikwa na mtu hajui, na pale kwenye bonge ndipo raba inakatikia. Wako na mashine za mamilioni na bado wanahangaika na kile Charles alikuwa anahangaika nacho selo na mti wa chapo: vile utaingiza unga ndani ya raba na ukae sawasawa kila mahali.

Kitu cha mwisho halafu nikuachie. Yale mafundo ya salfa hayafunguki kirahisi. Plastiki unayeyusha unaunda upya, lakini tairi ukiipasha moto haiyeyuki, inaungua tu, inatoa ule moshi mweusi unaoujua. Ndio maana tairi ikizeeka hairudi kuwa tairi. Pale Gikomba fundi anaichukua, anaichora umbo la mguu, na anaikata akala kwa kisu. Sufuria hana haja nayo.